Kule chini ya bahari kuna mwenyeji ambaye hatujamjua



Juzi mangaribi, umeme ukiwa umekatika tena mu kata yetu, mjukuu wangu alikuwa anasoma mu telefoni yangu. Akaniuliza: "Kambo, ni kweli banasema batachimba kobalti mu bahari, kusudi batoto ba hapa basichimbe tena?" Nikamwuliza nani anasema. Akanionyesha picha ya jiwe jeusi, la mviringo sawa kiazi, na chini yake maneno mazuri mazuri ya Kifaransa: ati jiwe safi, jiwe lisilo na damu, jiwe lisilo na mtoto ndani ya shimo.

Nilifanya kazi ya kuchukua vipande vya mawe na kuvipima miaka kumi na tisa mu kampuni moja ya hapa kwetu. Mawe meusi nimeyazoea. Lakini lile jiwe lilininyima usingizi, juu hakuna jiwe linalotoka mahali pasipo na mtu wala mnyama. Basi nikaanza kutafuta: kule chini anaishi nani? Hapo njo nilikutana na mnyama ninayetaka kuwaelezea leo. Mtavumilia kidogo, kwanza nitawapeleka mbali na Katanga, kiisha tutarudi.

Nyangumi mnamjua, hata kama si sisi watu wa bahari. Kifaransa wanamwita baleine, na wengi wetu tunamwaza kila tukisoma habari ya Yona. Huyu ninayemsema ni wa jamaa ya pekee. Mdomo wake umechongoka sawa wa ndege, njo maana Wafaransa wanamwita baleine à bec. Urefu wake ni metre nne, tano, sita. Wachache wanapita kumi. Aina zake zilizopewa jina ni 24, ni kusema karibu robo ya aina zote za nyangumi na pomboo wa dunia. Na pamoja na wingi ule, ni jamaa ya wanyama wakubwa isiyojulikana kuliko zote. Tembo akikohoa porini tunasikia. Huyu ana uzito wa gari, lakini kuna aina yake moja ambayo mpaka leo hakuna mtu aliyehakikisha kuiona ikiogelea mu bahari ikiwa hai.

Nianze na ile moja. Mu mwaka 1872 waliokota taya mu kisiwa cha Pitt, kule Nouvelle-Zélande. Taya tu, na meno yake mawili. Mu miaka ya 1950 likapatikana fuvu mu kisiwa kingine cha nchi ile ile, na mu 1986 fuvu lingine mu kisiwa cha Robinson Crusoe, upande wa Chile. Ni vyote. Mu 2010 mama na mtoto wake wakakwama ufukweni, Nouvelle-Zélande tena. Watu wakasema: hawa ni wa aina ya kawaida. Wakawazika. Walipopima vipande vya nyama mu laboratwari, kwa kusoma alama za uzazi zinazokaa ndani ya mwili, wakakuta walizika wanyama ambao dunia ilikuwa inawatafuta kwa miaka 138. Habari ikatangazwa 2012. Kiisha, mu mwezi wa saba 2024, dume wa metre tano akaonekana amekufa karibu na mdomo wa mto mmoja mu jimbo la Otago. Safari hii hawakukimbilia kumzika. Wakamtia mu baridi, na mu mwezi wa kumi na mbili wakampasua polepole, wanasayansi pamoja na wazee wa Wamaori, wenyeji wa inchi ile. Wakakuta tumbo lenye vyumba tisa. Huyo alikuwa wa saba kujulikana tangu 1872.

Saba, mu miaka zaidi ya 150! Mchimbaji anayetafuta mshipa na kupata mawe saba mu miaka 150, tungemwambia arudi shamba.

Sasa, juu ya nini ni vigumu hivi? Sababu ya kwanza kila mchimbaji ataifahamu upesi: kazi yake iko chini. Anapanda juu kupumua dakika chache, anazama tena, na anachukua saa nzima mbele ya kuonekana mara ya pili, mahali pengine. Pumzi yake haitoki kwa kishindo sawa ya nyangumi mkubwa. Bahari ikiwa na mawimbi kidogo tu, humwoni. Akisikia mashua, anaenda.

Sababu ya pili ni sura. Mu aina nyingi za jamaa hii, meno yanayotoka nje ni mawili tu, mu taya la chini, na yanatoka kwa dume peke yake. Umbo la meno yale njo kitambulisho: hili bapa sawa jembe, hili sawa jani, hili limejikunja. Kuna aina moja ambayo meno ya dume yanazunguka juu ya mdomo kama kamba, hata hawezi tena kuufungua vizuri. Anaishi kwa kufyonza chakula, na anashiba. Lakini mama na watoto hawana jino la kuonekana. Ukiwaona kwa mbali, mgongo wa kahawia na pezi ndogo, utasema ni aina gani? Ni sawa mtu aje na mfuko wa mawe meusi. Lile la kobalti na lile la manganeze, machoni ni mapacha. Mzoefu anaangalia, anapima uzito mu mkono, lakini mpaka mashini iseme njo feza inatoka. Na sisi tunajua namna gani mashini ile nayo inaweza kuwa na ujanja wake, lakini hiyo habari ya siku nyingine.

Basi wale wanaowafuata mu bahari wanafanyaje? Wanasikiliza. Huyu mnyama anawinda gizani kwa sauti: anatoa milio midogo midogo, inagonga ngisi kule chini, inamrudilia. Na kila aina ina mlio wake, sawa vile fundi anajua motere ya gari kwa masikio. Watu wakaanza kuteremsha mikro ndani ya maji na kuziacha zirekodi. Hapo shida nyingine ikatokea: wakawa na milio isiyo na mwenyewe. Mu bahari ya Pasifiki walisikia mlio mmoja miaka na miaka, wakaupa namba, BW43, juu hakuna aliyejua unatoka mu mdomo wa nani. Kundi moja la Wamarekani na Wameksiko likaurudilia mwaka kwa mwaka, kuanzia 2020, karibu na pwani ya Baja California. Mu mwezi wa sita 2024 wakawakuta wenye mlio. Wakapiga picha, na mmoja wao akarusha mshale mdogo wenye kukata kipande cha ngozi kidogo sana, bila kumwumiza mnyama. Mshale ukaelea, na ndege mkubwa wa bahari akaja kutaka kuuiba! Wakamtupia mikate mpaka akauacha. Kipande kile kikaonyesha: ni aina moja ambayo hakuna aliyehakikisha kuiona hai mbele ya siku ile. Miaka mitano, kwa kipande cha ngozi.

Mimi nacheka kila nikiwaza habari ya ile mikate, lakini nawaheshimu sana watu wale. Hawakusema "tumechunguza, hakuna kitu" kisha safari ya kwanza.

Kitu kingine kinanigusa zaidi. Kule kaskazini ya Japani, wavuvi wa nyangumi walikuwa wanasema tangu zamani kwamba kuna wa aina mbili: mmoja mkubwa, na mwingine mdogo, mweusi, waliyemwita kunguru. Wenye vitabu waliandika aina moja tu. Ikafika 2019 njo wanasayansi wakakubali: yule mweusi ni aina yake mwenyewe, wakamwandikia jina. Wavuvi walikuwa wamesema ukweli siku zote. Na mu 2021 aina nyingine ikapewa jina la mwanamke Mmaori, Ramari Stewart, juu ya ujuzi wake wa nyangumi, ujuzi wa kwao. Jina lake la pili, eueu, lilitoka mu lugha ya wenyeji wa kusini ya Afrika, maana ni pwani ya Afrika Kusini walipokota wengi wa aina ile. Mkrezeri anayesoma hapa atanifahamu. Mara ngapi injenyere wamefika na ramani kule ambako wachimbaji wa mikono walikuwa wanajua jiwe lilipo, na mu karatasi jina la mchimbaji halionekani?

Tuteremke sasa. Mu 2014 walitangaza kipimo cha nyangumi wa mdomo wa aina ya Cuvier, karibu na California: alizama metre 2 992. Mwingine, pwani ya mashariki ya Marekani, alikaa chini saa 3 na dakika 42 kwa pumzi moja. Hicho njo kipimo kikubwa kilichopata kuandikwa kwa mnyama yeyote anayenyonyesha. Wale wanaoshuka Kipushi wanajua metre elfu moja ni nini: joto, masikio, kungojea kupandishwa. Mnyama huyu anapita mara mbili na zaidi, bila lifti wala taa wala hewa ya bomba.

Na anaweza kuugua ugonjwa wa wachimbaji. Sisemi kwa mfano. Mu 1841, injenyere Mfaransa Triger aliandika habari ya wafanyakazi wa mgodi wa makaa kule Chalonnes, walioshuka shimo lililojazwa hewa kwa nguvu kusudi maji ya mto yasiingie. Wengine walipotoka walisikia maumivu makali mu viungo. Hewa inayosukumwa ndani ya damu, mtu akipanda haraka, inafanya mapovu. Wazamiaji wanaujua vizuri ugonjwa huo. Basi mu 2002, kule visiwa vya Canaries, manowari za nchi mbalimbali zilifanya mazoezi na mashini za kupiga sauti chini ya maji, kutafutia nyambizi. Nyangumi wa mdomo 14 wakakwama ufukweni. Walipopasuliwa, wakakutwa na mapovu mu damu na mu viungo. Inaonekana sauti iliwavuruga hata kuzama na kupanda kwao kukaharibika. Ispania ikakataza sauti zile karibu na visiwa mu 2004, na vifo vya makundi namna ile vikakoma. Kumbe serikali ikitaka, inaweza.

Sasa turudi kwa lile jiwe la mjukuu wangu.

Kati ya Hawaii na Meksiko kuna sehemu ya bahari wanaiita Clarion-Clipperton. Ukubwa wake ni kama kilometre za mraba milioni 4 na nusu, ni kusema karibu Kongo yetu yote mara mbili. Chini yake, metre 4 000 mpaka 6 000, mawe yale sawa viazi yamelala juu ya tope: manganeze, nikeli, shaba, na kobalti. Yanakua kwa milimetre chache mu miaka milioni. Sehemu ile si ya nchi yoyote. Sheria ya bahari inasema ni urizi wa wanadamu wote, na ofisi ya kuisimamia iko Kingston, Jamaica.

Wanasayansi walituma mashini isiyo na mtu ikapime chini kule. Mu 2018 wakatangaza kitu hawakukitazamia: vishimo zaidi ya 3 500, vya karibu metre moja urefu, vimefuatana kwa mistari, kina cha metre 4 000 na kitu. Mkondo wa maji haufanyi mistari ile. Samaki anayejulikana hafanyi. Wakaandika kwa uangalifu: inawezekana ni nyangumi wa mdomo anayepekua tope akitafuta chakula. Wanasema inawezekana, juu kina kile kinapita kizamio chochote kilichopimwa. Hawajamkuta akichimba. Lakini ikiwa ni yeye, basi mu ile sehemu wanayosema ni tupu, kuna mchimbaji wa mikono aliyefika mbele ya kila mtu. Hakuna aliyemwuliza, na hatujajua hata aina yake.

Hapa njo neno langu, nalisema wazi: wasianze kuchimba kule mpaka wajue nani anaishi. Na zaidi sana, wasichimbe kwa jina letu.

Juu haya maneno ya "tutaokoa watoto wa Kongo" yananiumiza. Mtoto wa hapa hashuki mu shimo kwa sababu bahari haijachimbwa. Anashuka juu ada ya shule haikulipwa, na papa yake hana kazi ya mshahara, na vilima vyote viko na uzio. Kama kobalti ya bahari ikishusha bei, nani atamlipia shule? Mu mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilisimamisha kutoa kobalti mu nchi kusudi bei ipande, na mu mwezi wa kumi ikaleta mgawo wa kampuni kwa kampuni. Mliona namna gani kila nyumba ilisikia. Anayeahidi kutuokoa kwa kutunyima soko, atuambie mpango wake wa pili.

Mtaniambia: mzee, wewe unatetea mfuko wetu, nyangumi ni kisingizio. Ndiyo, mfuko wetu naufikiri, sitaficha. Kongo inatoa zaidi ya sehemu saba juu ya kumi za kobalti ya dunia. Ningekuwa mjinga kusahau. Lakini mtu anaweza kuwa na faida ndani ya neno na neno likabaki la kweli. Na tena, mimi ni shahidi wa namna gani inafanyika upande huu. Kwenye vilima vyetu vya shaba kulikuwa mimea isiyoota mahali pengine popote mu dunia. Wazee wa kazi waliyajua maua ya shaba. Walipoyaona, walijua jiwe liko chini. Wataalamu wa mimea wameyaandika, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimefanya kazi ya kuokoa mbegu. Hata hivyo kuna iliyopotea, kilima kilipokatwa, pamoja na makao yake. Ningesema nini kwa kampuni niliyofanyia kazi? Nilipima mawe ya kilima kizima, na hakuna siku moja tuliandika kilikuwa kinaota nini juu yake. Mimi pia sikuuliza. Nilikuwa na watoto sita wa kulisha na karatasi za kujaza.

Bahari nayo haisahau upesi. Mu 1979 walijaribu mashini moja kule Clarion-Clipperton. Wanasayansi wakarudi mu 2023: alama za mashini zilikuwa bado pale, kisha miaka 44. Na kelele? Hesabu moja iliyotangazwa 2022 ilionyesha kwamba, bahari ikitulia, kelele ya mgodi mmoja inaweza kusikilika mpaka karibu kilometre 500. Mnyama anayewinda kwa masikio, aliyekimbia manowari za Canaries mpaka akafa, mtamwambia ahamie wapi?

Na haraka iko. Mu mwezi wa ine 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kuharakisha uchimbaji wa bahari, hata mu maji ya wote, na Marekani haijaingia mu ile sheria ya bahari. Ofisi ya Kingston yenyewe haijamaliza kanuni za kuchimba. Nchi zaidi ya 30 zimesema: tungoje kwanza.

Sisi je? Wengi hawajui kama Kongo ilikubali sheria ya bahari tangu 1989, na kila nchi iliyokubali ni mwanamemba wa ofisi ile. Tuna pwani yetu, Moanda, fupi lakini ni yetu. Tuna kiti Kingston. Na mu mapatano ya 1994 kuna sehemu inayosema juu ya nchi masikini zinazochimba madini yale yale ardhini: zikiumizwa na uchimbaji wa bahari, zisaidiwe kwa mfuko wa pekee. Ni sisi hao wanasemwa, pamoja na wandugu wa Zambia. Kwa hiyo tuna haki mara mbili ya kusema: kama wenye urizi, na kama wenye kuumizwa.

Nimeuliza wabunge wawili nani anakalia kile kiti, na alisema nini mara ya mwisho. Mmoja alicheka. Wa pili alisema atanipigia simu, na telefoni yangu haijazimwa tangu siku ile.

Nimeandika barua. Inaomba vitu viwili: mjumbe wetu aungane na zile nchi zinazosema tungoje, na atake hesabu ya wanyama wa kule, ifanywe na watu wasiolipwa na kampuni za kuchimba, kwa muda utakaohitajika. Kama ni miaka mitano kwa kipande kimoja cha ngozi, basi miaka mitano. Wenye kutaka kuisoma na kutia sahihi, siku ya posho asubuhi niko mbele ya parokia, chini ya mwembe. Mjukuu wangu njo ataandika majina, mwandiko wangu hausomeki tena.